Ugali wa Mpemba Uliokwenda Chapwa

Enesi anapikia madereva wa malori hapa Tunduma. Malori yanayosubiri kuvuka mpaka hulala kwenye yadi za Chapwa na Mpemba. Foleni ni ndefu, na dereva mwenye njaa hana subira. Enesi anapika ugali na kuku, na Mika wa bodaboda anapeleka.

Gwamaka, mtoto wake mkubwa, amesomea kompyuta. Alimtengenezea mama yake ukurasa wa kuagizia chakula mtandaoni. Kila yadi ilipewa anwani yake. Ya Mpemba inaishia hivi:

?yadi=mpemba

Dereva akiibonyeza, ukurasa unasoma jina la yadi, na oda inaingia kwenye simu ya Enesi. Mwanzoni kazi ilikwenda vizuri, na Gwamaka akawa anatembea kifua mbele.

Wiki hii mambo yameharibika. Leo mchana Mika alirudi na chakula kilekile alichoondoka nacho.

"Mama, nimezunguka yadi nzima ya Chapwa. Huyo Mwape hayupo!"

Simu ikaita. Alikuwa Bashi Mwape mwenyewe, dereva wa Zambia na kiongozi wa msafara.

"Mayo, insala! Mama, njaa! Mimi niko Mpemba, si Chapwa. Na jana ilikuwa hivi hivi."

"Samahani baba, nakuletea sasa hivi."

"Acha, tumeshakula mikate. Jioni tutaagiza msafara mzima. Chakula kikipotea tena, tunahamia kwa mama mwingine."

Msafara ule ndio unaoiweka sufuria ya Enesi motoni. Akageuka.

"Gwamaka!"

"Ni mtandao tu, mama."

"Jana mtandao! Juzi mtandao! Mbaazi ukikosa maua husingizia jua!"

Hata mimi ninayesimulia nimechoshwa na huo mtandao. Oda imeingia, simu imeita. Sasa mtandao umekosa nini?

Enesi akamwita Agnes, jirani yake, ambaye kazi yake ni kuandika programu za kompyuta. Agnes akaomba anwani aliyoibonyeza Mwape. Mwape akaituma. Mwisho wake ulikuwa hivi:

?yadi=mpemba&chanzo=kundi

"Hiyo 'chanzo' sikuiweka mimi," Gwamaka akasema haraka.

"Najua. Madereva wamepeana anwani kwenye kundi lao la mtandaoni. Anwani ikipita huko, inaweza kuongezewa mkia. Nioneshe ulivyoandika wewe."

Gwamaka akafungua kompyuta:

anwani.split("=").pop()

Agnes akavuta pumzi. "Umeikata anwani kila penye alama ya sawasawa, ukachukua kipande cha mwisho. Sasa kipande cha mwisho ni 'kundi'. Kuna yadi inaitwa Kundi?"

"Hakuna. Ndiyo maana niliandika kwamba yadi isipojulikana, iwe Chapwa."

"Kwa nini Chapwa?"

"Si ndiko nyumbani kwetu?"

Enesi akashika kichwa. "Ee Mungu wangu! Mika, wewe ukitafuta lori la Mwape kwenye foleni, unachukua tu la mwisho?"

"Hapana, mama! Mengine yanakuja nyuma yake kila saa. Naangalia namba."

"Umesikia?" Agnes akamwambia Gwamaka. "Anwani nayo ni foleni. Baada ya alama ya kuuliza, vigezo vinajipanga. Kila kigezo kina jina, alama ya sawasawa, kisha thamani yake. Alama ya '&' inavitenganisha. Usikisie nafasi. Ita jina."

Akaandika:

const vigezo = new URLSearchParams(location.search);
const yadi = vigezo.get("yadi");

"Mstari wa kwanza unasoma vigezo vyote vya anwani. Wa pili unachukua thamani ya 'yadi', iwe mbele, katikati au nyuma."

"Na 'yadi' isipokuwepo kabisa?"

"Utapata null, yaani hakuna kitu. Hapo ukurasa umuulize mteja yuko wapi. Usimpeleke Chapwa kwa nguvu!"

Gwamaka akaufuta mstari wake wa Chapwa, shingo upande. Kisha akajaribu anwani yenye mkia na isiyo na mkia. Zote zikasoma Mpemba.

Jioni oda za msafara zikaingia. Enesi akazisoma kwa sauti: Mpemba, Mpemba, Mpemba. Mika akapakia hotipoti na kuondoka. Wakasubiri. Simu ilikuwa kimya.

"Labda mtan..." Gwamaka akaanza.

Enesi akainua mwiko. Gwamaka akarudi nyuma.

Mara pikipiki ikanguruma nje, na simu ikaita wakati huohuo.

"Natotela, mayo, asante mama," alisema Bashi Mwape, mdomo umejaa. "Ugali umefika una moto. Kesho utuletee na chai."

Enesi akashusha mwiko. Mika akaingia na hotipoti, zote tupu.

"Gwamaka, mwanangu," Enesi akasema, "maji yale pale. Kaoshe."