Jamvi Juu ya Waya wa Intaneti

Kila Jumamosi asubuhi mimi ndiye mwanikaji wa nguo nyumbani kwetu Mbweni. Jumamosi ile kamba ilikuwa imejaa, na mikononi nilikuwa na jamvi la maulidi, limelowa, zito ajabu. Waya mpya wa intaneti ulipita juu ya ua, kutoka nguzo ya barabarani hadi dirisha la sebuleni. Nikatundika jamvi juu yake. Waya ukakatika palepale dirishani.

Mungu wangu! Wiki mbili nzima baba na dada Naima walikuwa wamebishania waya ule. Baba, ambaye ni fundi umeme, alitaka intaneti ya laini ya simu: unachomeka rauta, unaweka bando, basi. Dada alishikilia ya waya, kwa sababu kwetu mtandao wa simu hukatakata, naye saa nne Jumamosi hiyo angefanyiwa usaili wa kazi kwa video. Kazi aliitafuta miaka mitatu. Baba alikubali shingo upande. "Lakini waya ukikatika siku moja tu, naurudisha," alisema. "Na aliyeukata atanijua mie ni nani."

Basi nikajitia ufundi. Baba nilimwona akiunga nyaya tangu nikiwa mdogo. Nikamenya ncha kwa kisu, nikazisokota, nikazifunga kwa tepu yake nyeusi, kisha nikakificha kiungo nyuma ya bomba la maji ya mvua.

Saa tatu na robo dada akapiga kelele. "Baba! Taa ya rauta ni nyekundu!"

Baba akazima, akawasha. Nyekundu vilevile. Dada akajaribu intaneti ya simu. Picha ikaganda, sauti ikakatika. Akampigia Lusungu, fundi wa kampuni ya intaneti, aliyekuwa mtaa wa pili.

"Nikianza kukagua kutoka kwenye nguzo, sitamaliza kabla ya saa sita," fundi alijibu.

"Si nilisema mie?" baba alifoka. "Waya huo nautoa leo leo!"

 Dada alikaa na baibui lake lililopigwa pasi, akalia. Mie nilisimama mlangoni. Nilimwogopa baba kwelikweli, lakini kumtazama dada akilia kulinishinda.

"Baba, nimeukata mie," nikasema. "Nilianika jamvi. Umekatika hapo dirishani, nyuma ya bomba."

Nikafumba macho nikingoja kofi. Nikamsikia baba akichukua simu. "Lusungu, achana na nguzo. Njoo moja kwa moja dirishani. Mbio!"

Fundi alifika kwa pikipiki, na mashine ndogo begani. Nikamwamkia shikamoo kwa sauti ya chini. Alipoona tepu yangu, akaguna.

"Marahaba. We mtoto! Humu hamna shaba. Ni uzi wa kioo, mwembamba kama unywele. Hausokotwi, huungwa kwa mashine hii."

Mikono yake haikuwa na haraka, nami nilitamani kumsukuma. Saa nne kasoro tano. Kasoro tatu. Kasoro mbili, taa ikawa ya kijani! Dada akafuta macho, akakaa mbele ya kompyuta. Tukasikia, "Habari za asubuhi, Naima. Tunakuona vizuri."

Baba akanishika mkono, tukatoka uani. Machozi yakanitoka.

"Munira," alisema, "kukata waya ilikuwa bahati mbaya. Kuficha uliamua mwenyewe. Ungenyamaza, dada yako angekosa kazi, nami ningeulaumu waya usio na kosa."

"Nilikuogopa, baba."

Baba akakaa juu ya ndoo.

"Hilo ni kosa langu. Niliwatisha watu kwa ajili ya waya. Sasa sikiliza: ukiharibu kitu, njoo uniambie papo hapo, hata kama utanikuta nimekasirika. Fundi hawezi kutengeneza kitu alichofichwa. Usaili ukiisha tunaingia wote wawili kumwomba dada yako radhi. Utaanza wewe, mie nitafuata."

Tukakaa palepale kusubiri, tukimsikia dada akijibu maswali, na sauti yake haikukatika hata mara moja.