Tuta la Darajani

Udongo ulikuwa umelowa, na hakuna aliyeumwagilia. Lukresia aliugusa, akanusa kidole, akakipangusa upesi kwenye kanga. Ulinuka nyama iliyooza.

Mwaka ule wa sabini na tano reli ilikuwa imehamishwa, na daraja refu la zamani nje ya Isaka likabaki juu ya bonde bila treni. Viongozi wa mji waliamua liwe bustani, watu wapande kupunga upepo. Lukresia na mumewe, Athanas, walipewa kazi ya kupanda maua. Udongo ulichimbwa bondeni, chini ya nguzo, ukapandishwa kwa toroli.

"Baba Kamili, huu una nywele," Lukresia alimwambia mumewe.

"Ni mizizi hiyo."

Haikuwa mizizi. Ukiivuta, ilitoka na vipande vya ngozi laini.

Athanas akaanza kukataa chakula cha nyumbani. Siku moja, jua likiwa la utosini, Lukresia alimpelekea ugali darajani, akamkuta amepiga magoti kwenye tuta, anachota udongo kwa mikono miwili na kuumeza, na kila alipotafuna kitu kilipasuka kinywani mwake kama kupe aliyeshiba, ute wa njano ukamchuruzika kidevuni hadi kifuani, naye akaulamba, akacheka kwa sauti isiyo yake, nzito, yenye makohozi.

"Mmechimba kitanda changu," sauti ilisema. "Sasa nalala humu."

Lukresia alikimbia kumwita Mbuke, mganga wa kike aliyeishi karibu na stesheni. Mbuke alimnywesha Athanas dawa.

"Shika beseni," alimnong'oneza Lukresia. "Usimtazame usoni."

Athanas akatapika: zikatoka nywele zilizofungamana, zikatoka kucha, kisha kikateleza kitu chenye joto, kama mtoto wa panya asiye na manyoya, hakina macho, kinafungua na kufumba mdomo. Mbuke alikifunika kwa majivu. Wakakizika kule kule bondeni, na udongo wote ukarudishwa juu yake. Bustani ikaachwa.

Athanas alipona, sauti yake ikarudi. Jioni moja alikata tonge, akalichovya kwenye mchuzi, akampelekea mkewe mdomoni kama alivyozoea tangu wakiwa wachumba.

Lukresia alitazama vile vidole. Vilikuwa safi.

"Nimeshiba," alisema, naye hakuwa ametia kitu tumboni tangu asubuhi.

Athanas alilishikilia lile tonge kidogo, kisha akalirudisha pembeni mwa sahani. Tangu siku hiyo alikula peke yake, ameupa mlango mgongo.