Vichwa Vilivyotazama Kushoto

Kila siku akitoka shule, Dakika Tano alipita nyumbani, akavua sare, akavaa gauni lenye madoa ya rangi, kisha akamfuata mama yake kazini. Mama alikuwa fundi wa kuchora kuta za maduka. Mama aliandika herufi, na binti yake, mwenye miaka kumi na miwili, alichora vichwa. Wanafunzi wenzake walimbandika jina la Dakika Tano kwa sababu aliweza kumchora mtu kwa dakika tano huku anapiga soga.

Ila uso wenyewe ulikuwa mmoja tu. Mwanamume anayetazama kushoto, jicho moja, sikio moja, pua iliyochongoka. Ukitaka mwalimu, anakuongezea miwani. Ukitaka askari, anakuwekea kofia. Yeye mwenyewe alikuwa ameuchoka uso ule kupita kiasi, lakini watu walisifu, basi akaendelea nao.

Jumatatu hiyo alimkuta kinyozi amesimama nje ya duka lake, mashine ya kunyolea mkononi, anakodolea macho vichwa vitatu alivyomchorea ukutani Jumamosi.

"Fundi mdogo, hongera," kinyozi alisema. "Hebu niambie, hawa jamaa wanatazama nini?"

"Hawatazami kitu, mjomba."

"Wanatazama kule." Kinyozi alinyoosha mashine kushoto. Milango mitatu mbele kulikuwa na kinyozi mwingine. "Tangu asubuhi mtu anasimama hapa, anawaangalia hawa, anafuata macho yao, huyoo, anakwenda kunyolewa kwa jirani."

Mama, aliyekuwa juu ya ngazi akimalizia herufi, alikohoa ili asicheke.

Jumanne Dakika Tano alikuja na ujanja. Alichukua karatasi alizochorea mfano wa vichwa vile, akazigeuza, akazibana kwenye kioo cha dirisha, akafuatisha mistari kwa nyuma. Akafuta vichwa vya zamani, akapaka vipya. Kufikia jioni wote watatu walitazama kulia, na yeye hata jasho halikumtoka.

Kinyozi alitoka, akatazama, akashusha pumzi.

"Upande huo kuna nini?"

Dakika Tano aligeuka. "Choo cha soko."

"Choo cha soko," kinyozi alirudia polepole. "Mwanangu, nataka wamtazame mteja anayekuja. Usoni kabisa, macho mawili. Ijumaa jioni ikifika bado, Jumamosi napaka chokaa ukuta mzima na kuweka bango la kuchapishwa kama wenzangu."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyechoka, na hiyo ilimuuma zaidi Dakika Tano. Mabango ya kuchapishwa yalikuwa yameshameza ukuta wa duka la dawa na wa fundi wa vyuma. Katika mtaa ule, herufi za mama zilikuwa zimebaki pale kwa kinyozi tu.

Walirudi nyumbani wamebeba ngazi, mama mbele, binti nyuma.

"Mama, nichoree wewe."

"Bega langu limekataa. Halafu vichwa ni vyako."

"Mimi sijui kumchora mtu anayenitazama."

"Najua. Tangu una miaka tisa najua."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia mara mbili. Ulikuwa unasifiwa, hukunisikia."

Jumatano alianza upya na daftari. Ndani ya duka kulikuwa na babu mmoja mwenye kipara, ambaye kila siku alikuja kusoma magazeti ya bure. Kinyozi alimkalisha kitini, akamfunika shuka la kunyolea, akamwambia atulie. Kutulia ndiyo kazi aliyoiweza.

Macho yalikubali kidogo. Pua ilikataa. Ukiitazama kwa mbele haina mstari, ni vivuli tu. Dakika Tano alichora, akafuta, akachora, mpaka karatasi ikatoboka.

"Mjukuu wangu," babu alisema alipooneshwa, "hii ni pua yangu au kiazi?"

"Ni kiazi, babu," alijibu kwa unyonge.

"Basi rudia. Mimi niko hapa hapa."

Alhamisi daftari lilijaa pua, zote mbaya. Mkono ulikufa ganzi, shingo ikauma. Njiani wenzake walimwomba awachoree askari mwenye kofia, na alitamani sana kukubali, asifiwe kidogo tu. Akawaambia hana nafasi.

Ijumaa aliacha kutafuta mstari wa pua. Alitazama giza lilipo, akapaka giza. Alitazama mwanga ulipo, akauacha. Akahamia ukutani, akafuta kichwa cha katikati, akapaka kichwa na kiwiliwili kipya bila kusema na mtu. Jua lilipokuwa linapungua alikaa chini, mgongo kwenye ndoo, hana hata nguvu ya kuangalia alichofanya.

Ng'ambo ya barabara alitokea mke wa babu.

"Wewe mzee," alisema kwa sauti ya kuchoka, huku anautazama ukuta, "chakula kinapoa na wewe umesimama tu unanitolea macho."

"Niko huku ndani," babu alijibu kutoka dukani.

Bibi alisimama. Alivuka barabara, akausogelea ukuta, akaugusa kidogo, rangi mbichi ikabaki kidoleni. Akaanza kucheka mpaka akashika kiuno.

Kinyozi alitazama kwa muda mrefu. "Kipara nacho ni mtindo," alisema mwishowe. "Chokaa sipaki. Hao wawili malizia wiki ijayo, Siku Tano."

Mama aliosha brashi, akakaa chini kando ya binti yake.

"Ule uso wa dakika tano ulikuwa kama kiti," alisema. "Ulikaa juu yake miaka mitatu. Kukaa ni raha, lakini mtu aliyekaa haendi popote. Wiki hii umesimama, ndiyo maana miguu inauma. Ukiona kazi yako haikuchoshi tena, mwanangu, tafuta ile usiyoiweza."

Binti aliitazama picha. Babu naye alimtazama, macho mawili, shuka limemfunika mpaka magotini.

"Mama, nimemficha mikono."

"Nimeona."

"Sijui kuchora mikono."

"Nalo najua."

Binti aliinuka. Kisha akashika ncha ya ngazi.

"Jumatatu, mikono," alisema.