Sema Ovaa, Mpenzi

Siku ya treni kutoka Tabora, soko la Kashaulili halina adabu. Ndivyo Ngusa alivyojikwaa kwenye meza ya Marsela na kuangusha kisanduku cha mbao ya mninga alichobeba, kidogo kiungulie kwenye jiko la mkaa alilopashia chuma cha kulehemu.

"We kaka, macho umeyaacha kwenye behewa?"

"Samahani, dada. Naambiwa hapa kuna fundi redio. Yuko wapi?"

Meza za jirani zikaangua kicheko. Mwaka ule wa tisini na saba, Mpanda ilikuwa na fundi redio mmoja tu wa kuvaa gauni la kitenge na kujifunga kitambaa chekundu kichwani. Kazi alifundishwa na baba yake, Mzee Telesfori wa Mpimbwe, na hakuona haya kusema kwamba sasa amempita.

"Unaongea naye," alisema Marsela. "Lete ugonjwa."

Ngusa alivua kofia ya pama. Alikuwa seremala wa Shanwe, Msukuma mrefu mwenye shati la drafti lililopigwa pasi mpaka mikono. Kisanduku chake kilikuwa gemu la mkononi. Kioo na bodi alivitoa kwenye gemu la dukani lililokanyagwa na baiskeli. Vilivyobaki vyote aliviunda mwenyewe, hata batani, ambazo zilikuwa vifungo vya shati juu ya vipande vya bati.

"Matofali yanashuka, wewe unayapanga," alieleza kwa maringo. "Ila nikibonyeza kushoto yanaenda kulia. Na batani ya kuyageuza imekufa."

Marsela alilifungua, akacheka. "Ulichomelea nyaya ukiwa umelilaza kifudifudi?"

"Ndiyo."

"Basi kushoto kwako ni kulia kwake. Na huu waya umeutoa kwenye koili ya redio. Una vanishi juu, hukuukwangua."

"Mbona unang'aa?"

"Hiyo inayong'aa ndiyo vanishi, baba. Shika wembe, ukwangue mwenyewe."

Ngusa akakwangua, Marsela akachomelea. Waliporudisha betri zake, mawe mawili ya redio, tofali likageuka, likaenda kushoto kama lilivyoagizwa.

"Ng'wanawane!" Ngusa alipiga kelele, Kisukuma kikimtoka kwa furaha, ila kioo hakukitazama tena. "Likiharibika nirudi?"

"Likiharibika."

Likawa linaharibika kila Jumamosi, na Marsela alijua fika kwamba kuna mtu anazinyofoa nyaya kwa makusudi. Akawa anazichomelea tu. Jumamosi ambayo Ngusa alichelewa, Marsela alimuunguzia mteja redio nzima huku akichungulia barabara ya Shanwe.

Mvua za kwanza ziliwakuta wanaitana mpenzi.

"Naenda Kasekese kumwambia baba," Ngusa alisema. "Nataka nikuoe."

"Mwambie na kazi yangu. Kuolewa nataka, mpenzi, tena na wewe. Ila kama ni kuiacha meza hii, bora nibaki kwa baba yangu."

"Nimekusikia, fundi wangu." Akamwachia gemu. Lilibakiwa na ugonjwa mmoja: ukibonyeza batani mbili kwa pamoja, linagoma.

Siku ya nne Marsela aliitwa parokiani kwenye simu ya upepo. Katekista Gaspar alimwelekeza: bonyeza batani useme, ukimaliza sema ovaa, achia, umsikilize mwenzio. Kisha akatoka kwenda kugonga kengele ya saa sita.

Sauti ya Ngusa ilikuja na mikwaruzo. "Marsela mpenzi, nimeongea na baba. Anasema mke wa mwanawe hakai sokoni na wanaume, ukiolewa uache ufundi..."

Marsela hakungoja. Alikandamiza batani mpaka kidole kikamuuma. "Basi akutafutie anayejua kukamua ng'ombe! Mimi ni fundi!"

Alipoachia, kulikuwa na mikwaruzo tu. Akaondoka.

Zikapita wiki tatu. Mchana alifanya kazi kichwa juu. Nyumbani alilia, tusimsingizie ujasiri asiokuwa nao. Mwishowe akalitoa lile gemu alitengeneze alirudishe, maana kitu cha mtu hakitoki kibovu kwenye meza yake. Alizifuata nyaya moja moja. Batani mbili zilikuwa zinatumia njia moja. Kila moja peke yake ilifanya kazi vizuri. Zikibonyezwa pamoja, hakuna amri iliyofika.

Marsela akaweka chuma chini.

"Hakusema ovaa," alinong'ona. "Jamani, hakusema ovaa! Nilibonyeza na yeye akiwa amebonyeza, hatukusikiana!"

Aliona aibu, yeye fundi anayerekebisha batani za watu. Alikimbilia parokiani na masizi mikononi, na Gaspar akaita Kasekese. Ilichukua saa nzima kumpata Ngusa, na vituo vingine vyote vya njia ile vilikuwa vinasikiliza.

"Ngusa, siku ile nilikukatiza. Kosa ni langu. Ulisema baba anataka niache ufundi, halafu ukaendelea kusema nini? Ovaa."

"Nikasema mimi nimekataa! Nikasema nakupenda na ufundi wako, nikakuuliza kama utakubali nikuoe hivyo hivyo, baba yangu akiwa amenuna. Nikasema ovaa. Nikasikia kimya, nikajua umenikataa. Ovaa."

"Nimekubali, mpenzi wangu. Nimekubali! Ovaa."

"Hongereni!" sauti ya sista wa kituo kingine ikaingia. "Ovaa!"

Kisha ikaja sauti nzito ya mzee. "Mimi Malale, baba yake Ngusa. Wewe ndiye huyo fundi? Ovaa."

Marsela alinyoosha mgongo kana kwamba anaonekana. "Ndiye mimi. Shikamoo baba. Ovaa."

"Marahaba. Huyu mtoto wiki tatu hali, hanywi, anasema fundi, fundi tu. Sasa hapa kwetu kuna redio tano, zote bubu. Ukija kutusalimia, uje na vyombo vyako, niwaone hao mafundi wa kiume walioshindwa watasema nini. Ovaa."

Machozi yalimtoka, akayafuta kwa mkono wenye masizi.

"Nitakuja navyo, baba. Na nitarudi navyo Kashaulili. Ovaa."

Mikwaruzo. Gaspar akasogeza sikio.

"Urudi navyo, mkwe wangu," alisema Malale. Mzee alisahau kuachia batani, kwa hiyo vituo vyote vilimsikia alipowageukia watu wake: "Mmemsikia? Huyo wa kwangu, fundi wa Mpanda nzima!"