Tramu Namba Saba ya Kwenda Lindenau

Letebrhan alikuwa jikoni akimsuka binti yake nywele, mtaa wa Paunsdorf, mjini Leipzig. Alisuka taratibu karibu na masikio. Winta, mwenye miaka mitano, alikuwa amevalishwa vifaa vipya vya kumsaidia kusikia. Kila Jumanne alitakiwa kwenda Lindenau, upande wa pili wa mji, mwalimu amfundishe kutambua sauti.

"Leo Jumanne," alisema Habtom, mumewe, akivaa viatu vya kazini. "Mnakwenda?"

"Hatuendi."

"Mama Winta! Wiki ya tatu hii. Asipofundishwa, hivyo vifaa vitakuwa mapambo tu."

"Basi mpeleke wewe, kama utaruhusiwa kuacha kazi!"

Habtom alijua yaliyomkuta mkewe. Jumanne ya kwanza, mama na mtoto walipanda tramu namba saba, treni ndogo ya barabarani, ikawapeleka mwisho wa mji, kwenye mashamba. Wakati wa kurudi, wakaguzi wakataka tiketi. Letebrhan alikuwa nayo mkononi, ameinunua mwenyewe. Hata hivyo aliandikiwa faini mbele ya abiria wote. Tangu hapo, akisikia tramu inapita, anafunga dirisha.

Habtom alipotoka, Bi Pohl, jirani wa ghorofa ya chini, alikuja kurudisha sahani. Alimkuta Letebrhan ana macho mekundu.

"Kuna nini tena?"

Letebrhan alieleza kwa Kijerumani chake cha kuokoteza. Kisha akatoa ile tiketi.

Bi Pohl aliigeuza huku na huku. "Haina mhuri."

"Mhuri gani? Nimenunua!"

"Kununua hakutoshi. Ukishaingia ndani ya tramu, kuna kisanduku karibu na mlango. Ichomeke humo, kitaigongea mhuri wa tarehe na saa. Bila hivyo, wanadhani unataka kuitumia tena kesho."

"Kwa hiyo waliniona mwizi!"

"Labda walikuona mgeni. Lakini faini haichagui mgeni na mwenyeji."

"Na mashambani je? Niliambiwa namba saba, nikapanda namba saba."

"Kuna saba zinazokwenda na saba zinazorudi, mwanangu. Usisome namba peke yake. Soma na jina lililoandikwa mbele, juu ya kioo. Huko ndiko inakoishia. Ukienda Lindenau, tafuta Böhlitz-Ehrenberg."

"Bo... nini?"

Bi Pohl alicheka. "Tazama B ya mwanzo tu, inatosha. Haya, vaeni makoti. Nitawasindikiza, ila sitasema neno."

Kituoni, Letebrhan alisimama upande aliosimama siku ile. Tramu ikaja. Namba saba! Aliinua mguu, akatazama juu, akaushusha. Iliandikwa Sommerfeld. Alimshika Winta mkono, wakavuka reli kwenda upande wa pili. Bi Pohl aliwafuata kimya, ameuma midomo asicheke.

Ya upande huo ilikuwa na B. Wakapanda. Letebrhan alichomeka tiketi, kisanduku kikalia.

"Imegongwa!" alisema kwa nguvu, hata mzee mmoja akashusha gazeti lake.

"Hongera," alisema yule mzee.

Bi Pohl aliwasindikiza mara hiyo moja. Jumanne zilizofuata walikwenda wenyewe, na hawakukosa hata moja.

Miti ilipoanza kutoa majani mapya, Letebrhan alikutana ndani ya tramu na mwanamke wa kwao Asmara. Mazungumzo yakanoga, vituo vikapita. Mara Winta akamvuta mkono wa koti.

"Mama, tushuke! Amesema Lindenau."

"Nani kasema?"

Mtoto alinyoosha kidole juu, kwenye spika ya tramu. "Yule."

Letebrhan hakuwa amesikia kitu. Alichungulia dirishani. Kweli, ilikuwa Lindenau. Walishuka mbio, mlango ukafungwa nyuma yao.

Mwalimu aliwapokea mlangoni. "Mmefika salama? Hamkupotea?"

Letebrhan alimsogeza Winta mbele.

"Leo," alisema, "yeye ndiye aliyenileta."