Bei ya Nywele kwa Wioleta

Zgorzelec nzima, mji wetu wa Polandi mpakani na Ujerumani, hakuna mtu anayenusa mapenzi ya watu haraka kama mimi. Marehemu mume wangu alinitongoza kiangazi kizima, nami nikadhani anataka kununua baiskeli ya kaka yangu. Nikamwambia haiuzwi. Lakini haya ya Bogna na Volkmar niliyanusa mapema, maana yalianzia kwenye foleni ya donati, na mimi nilikuwa nyuma yao nina njaa.

Ilikuwa ile Alhamisi ya kabla ya Kwaresima, siku ambayo asiyekula donati huulizwa anaumwa nini. Bogna, jirani yangu wa ghorofa ya juu, alikuwa na koti jekundu la sufu na midomo ya rangi ileile. Akanunua donati moja. Hakuila. Akatoa mizani ndogo mfukoni, akaipima. Mwanamume mrefu mwenye skafu ya njano akaitazama mizani, naye akatoa ya kwake.

"Samahani, bibie," akasema kwa Kipolandi kinachochechemea, "donati yako ina uzito gani?"

"Wewe ni polisi wa mikate?"

"Ofisi ya takwimu. Ng'ambo ya mto."

"Na mimi takwimu, upande huu. Na mizani yako inadanganya."

"Mizani ya Kijerumani haidanganyi."

"Basi donati imenenepa kwa kukuona."

"Kanenepesheni huko nje!" nikapiga kelele. "Sisi tunakonda!"

Kazi yao ni hii. Mshahara wa Görlitz, ng'ambo ya daraja, ni mkubwa kuliko wa kwetu. Hilo hata paka anajua. Lakini mshahara hausemi kitu mpaka ujue dukani unajaza nini. Ndiyo maana kila msimu ofisi zote mbili huchagua vitu vya aina moja, wanaviita kikapu, na watu kama Bogna na Volkmar huzunguka wakilinganisha bei, donati kwa donati, mkasi kwa mkasi, ili wakubwa wajue maisha yetu yameyakaribia ya Wajerumani kwa kiasi gani. Baada ya ile foleni, hao wawili waliomba wazunguke pamoja. Ati kwa usahihi wa kazi!

"Tunawafikia," Bogna alikuwa akimwambia pale darajani.

"Najua. Nakusikia unavyohema nyuma yangu, kachura kangu."

"Sihemi, panya wangu. Napiga honi unipishe."

Raha tupu. Ila Bogna ana wivu. Volkmar akisifu supu, Bogna anataka kujua imepikwa na nani.

Sasa kuna Wioleta, kinyozi, kucha za zambarau, kicheko cha kupasua vioo. Alisoma na Bogna. Baridi ikizidi, walikuwa wakivaa glavu moja kwa zamu. Wajerumani wengi walivuka kwenda kunyolewa kwake kwa sababu ya bei, Volkmar akiwa mmoja wao. Bogna alilivumilia hilo. Bei ni bei.

Kisha ikaja zamu ya kuchukua bei ya nywele.

"Wioleta! Umepandisha mpaka wapi?"

"Si ndiyo maendeleo mnayoyapima, shoga? Na mimi nawafikia."

"Wajerumani bado wanakuja?"

"Thubutu! Wananyolewa kwao siku hizi. Amebaki Volkmar wako. Kila Jumanne hakosi."

Bogna alipanda ngazi za nyumba yetu bila hata kunisalimia, na mimi nimesimama mlangoni makusudi ili nisalimiwe. Alikuwa akipiga hesabu. Bei za pande mbili zimekaribiana, kwa hiyo mtu hana tena sababu ya kuvuka mto kufuata mkasi. Basi anamfuata mwenye mkasi.

Jumanne akapiga simu.

"Uko wapi, panya wangu?"

"Nanyolewa, mpenzi."

"Unanyolewa nini? Wiki iliyopita umetoka huko kama yai!"

"Zinaota haraka. Ni mapenzi hayo."

"Nani anacheka?"

"Redio."

Redio! Bogna akavaa koti. Alipofika, akawakuta wanatoka saluni, akawafuata kwa mbali mpaka duka la sonara. Akabandika pua kwenye kioo. Volkmar alikuwa ameshika mkono wa Wioleta, wa kushoto, anamvisha pete. Wioleta akakigeuza kidole huku na huku, akacheka ile redio yake.

Siku hiyohiyo Bogna alimpigia bosi wake, akaomba apangiwe mji mwingine, mbali na mto. Bosi akamwambia angoje Ijumaa, akiwa bado anataka, atamwandikia uhamisho. Volkmar alipiga simu mpaka nikauchoka mlio wake mimi wa ghorofa ya chini. Bogna alipokea mara moja tu.

"Kamwambie Wioleta akupimie!" Akakata.

Ijumaa alikuwa duka la viatu, amechuchumaa kwenye rafu ya chini, anakagua soli na macho yamevimba. Mimi nilikuwa hapo nanunua ndala. Haya, sikuwa nanunua. Volkmar akaingia, skafu upande, kipara kinang'aa, akapiga goti palepale kando yake. Muuzaji akamletea pembe ya kuvalia viatu.

"Bogna," akasema, "utakubali kuwa mke wangu?"

Kipolandi safi, hakikuchechemea hata herufi moja.

"Nani kakufundisha hivyo?"

"Wioleta. Kila Jumanne. Nywele ziliisha, somo likawa halijaisha."

"Na kidole chake je?"

"Alisema mlivaa glavu moja. Nikajua ni saizi yako."

Akamvisha pete, mkono wa kushoto. Nikajifanyia ishara ya msalaba. Duka zima likaguna.

"Toa!" Bogna akapiga ukelele. "Unanifanya mjane hata sijaolewa! Kushoto ni kwa aliyefiwa!"

"Kwetu kushoto ni kwa mchumba. Kulia ni kwa aliyekwisha olewa."

"Nivishe kulia."

"Ng'ambo watasema umeolewa."

"Basi fanya haraka, wasije wakawa waongo."

Akamvisha kulia. Tukapiga makofi, muuzaji akalia kwenye sanduku la raba. Bogna akampigia bosi, akasema ule uhamisho aufute. Volkmar alikuwa bado amepiga goti, anakuna kipara.

"Lakini, kachura kangu, kidole cha Wioleta ulikionea wapi?"

"Mimi? Nilikuwa kazini. Nilipita kwa sonara kuchukua bei ya pete za kikapu."

"Bogna. Msimu huu pete hazimo kwenye kikapu. Tulichagua pamoja. Ni viatu."

Bogna akainama, akashika kiatu cha karibu, akaanza kutafuta bei kwenye soli kwa makini sana. Kilikuwa kiatu cha Volkmar, na mguu ulikuwa bado umo ndani.