Nilimwonea Wivu Namba 047

"Munira, 047 ni nani?"

Alikuwa ameinamia sahani ya chipsi mayai. Tulikaa kwa mama ntilie nyuma ya maabara yao, Mikocheni, saa saba mchana, na simu yake ilikuwa mezani katikati yetu. Ujumbe aliotoka kumwandikia mfanyakazi mwenzake, Hope, ulikuwa bado unaonekana. Sikuwa na nia ya kuusoma. Haya, nilikuwa nayo.

*Hope, nimempenda huyu 047. Miaka mitatu sijaona mwenye nguvu kama yeye. Leo amenitoa machozi.*

"Umesoma simu yangu?"

"Ilikuwa wazi. Nijibu."

Akacheka mpaka akaweka uma chini. Mimi sikucheka. Mimi ni fundi wa madirisha ya aluminiamu wa Mtoni, Temeke. Daktari wa utafiti nilimpata kwa bahati tu, siku nilipokwenda kurekebisha mlango wa maabara yao, na mwanaume aliyepata kwa bahati halali usingizi mzito.

"Farhan, 047 ni damu."

"Damu ya nani?"

"Sijui."

"Umempenda mtu usiyemjua?"

"Sikiliza kwanza. Homa ya kidingapopo, dengue, unaijua?"

Nani Mtoni asiyeijua. Mama yangu ilimpata mara mbili. Ile ya pili alilala siku tisa, mwili mzima ukimuuma kama aliyetwangwa kwa mchi.

"Kirusi chake kina aina nne," alisema, akapanga chipsi nne ukingoni mwa sahani. "Ukiugua huyu ukapona, mwili unamjua vizuri huyu. Akija mwingine, ile kinga ya zamani inaweza hata kumfungulia mlango. Ndiyo maana chanjo yake inatusumbua. Sasa, tulichukua damu za watu mia tatu. Damu moja tu, 047, inawakamata wote wanne kisawasawa." Akazikusanya zile chipsi akazila zote kwa mpigo. "Tukijua inawashikia wapi, tunaweza kutengeneza chanjo ya kuufundisha mwili wa mtu yeyote ushike palepale."

"Ni mwanaume?"

"Sijui, Farhan. Majina anayo mtu mwingine, kayafungia. Sie maabara tunaona namba tu. Nikigundua ni ndugu au jamaa yangu, natakiwa niseme, na kazi ya damu hiyo wapewe wengine."

"Uiache? Miaka mitatu yote?"

"Siku hiyohiyo."

Aliyasema hayo akifuta midomo kwa tishu, bila kusita. Nilimpenda zaidi saa ile, na aibu ya wivu wangu nikaishusha kwa soda.

"Jumamosi naongea na Mama," nilimwambia. "Barua ya posa inatoka."

Haikutoka.

"Mwanamke wa maabara simtaki," alisema Mama, akichambua mchele. Mama yangu, Bi Tabu, hapandishi sauti. Akikataa, anakataa kwa upole, na hapo ndipo ujue umekwisha.

"Amekukosea nini, Mama? Hata hamjaonana."

"Hao wa Mikocheni nawajua mie. Walikuja hapa ofisi ya mtaa, wakatupanga foleni, wakanitoa vichupa vitatu. Nikawauliza, majibu lini? Wakasema tutarudi, mama. Mwaka wa tatu huu. Jirani akikuomba chumvi anarudi kusema ahsante. Wao wamechukua damu, kimya. Shukrani ya punda mateke."

"Lakini Munira..."

"Mtu wa kuchukua asirudi kusema, huyo hapiki jikoni kwangu. Kadi yao hii hapa, nimeitunza nije niwaoneshe siku moja."

Akafungua kopo la Blue Band anamowekea kadi za kliniki na vitambulisho, akanitupia mapajani kijikadi cha njano kilichokunjika pembe. Nikasoma namba.

047.

Nilifungua mdomo. Ilitosha niseme, "Mama, damu yako ndiyo wanayoihusudu," na barua ingetoka jioni ileile. Ila namjua mama yangu. Akipata la kujivunia, adhuhuri liko Tandika, alasiri limefika Mikocheni. Munira angesikia, naye hajui kudanganya. Angesema mwenyewe kwamba ile damu ni ya mama mkwe wake, na siku hiyohiyo angeikabidhi kazi. Ningepata mke kwa kumvunjia kitu anachokipenda kuliko usingizi.

Nikafunga mdomo. Nimebeba vioo hadi ghorofa ya saba kwa ngazi, lakini haikuwa kazi ngumu kama ile.

Nikatoka uani nikampigia.

"Mama amekataa."

"Kwa nini?"

"Alitoa damu kwenye utafiti wenu. Hamkurudi na majibu."

"Basi ana haki," alisema taratibu. "Tumeandika ripoti, tumezisoma kwenye mikutano mahotelini. Mtoni hatukurudi."

"Kadi yenu anayo mpaka leo, ina..."

"Usinitajie namba, Farhan. Hata nikikuomba. Niahidi."

"Nakuahidi."

Zikapita wiki tatu. Sikuwa na hamu ya kula, nikakata vioo viwili vya watu vibaya. Kisha ujumbe ukaingia.

*Nimepata ruhusa. Alhamisi saa nne, ofisi ya mtaa Mtoni, tunarudisha majibu. Siji kama mchumba wako. Usinipokee hata begi.*

Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Mwinshehe, aliazima viti vya plastiki vya msiba. Mama alikaa safu ya mbele, kanga mpya, mkoba mapajani. Mimi nilisimama nyuma mlangoni. Munira hakuanza na sayansi.

"Shikamooni wazazi wangu. Tulichukua damu zenu tukaahidi kurudi, hatukurudi. Tuliwakosea, na kosa hilo ni langu pia. Naomba radhi."

Watu walitazamana. Wataalamu wamekuja wengi pale, wa kuomba radhi alikuwa wa kwanza.

Halafu akawaeleza kirusi kwa vibanio vinne vya nguo, kila kimoja rangi yake, mpaka bibi kizee wa pembeni akawa anamjibu. Nilijisikia fahari.

"Kati yenu yuko mmoja," alimalizia, "ambaye damu yake inatufundisha kuwashika wote wanne. Simjui, na naomba nisimjue. Ila chanjo hii ikipatikana siku moja, itakuwa imeanzia mtaa huu."

Mama akasimama, kadi mkononi.

"Daktari, mie namba yangu ni..."

"Mama, tafadhali." Munira alijifunika macho kwa viganja vyote viwili, mbele ya watu. "Usinisomee."

Watu wakacheka. Mama hakucheka.

"Mbona unajifumba? Si kadi yenu hii?"

"Ni siri yako, mama. Na nikijua damu ni ya nani, nitaanza kuipendelea. Kila aliyetoa nataka nimheshimu sawa na mwenzake. Kama una swali lako binafsi, yule kaka Adelard pale ndiye mwenye daftari la majina, atakusikiliza pembeni."

Alisema yote hayo macho bado yamefunikwa. Mama alimtazama muda mrefu. Kisha akairudisha kadi mkobani, akaketi. Kwa Adelard hakwenda.

Tukirudi nyumbani, kwenye kona ya msikiti, Mama aliniuliza.

"Ndiye huyo?"

"Ndiye, Mama."

"Anajifumba macho asione cha mwenzie. Na kuomba radhi anajua. Huyo siri ya nyumba haitotoka." Akanipa mkoba nimbebee. "Mwambie baba yako mdogo aandike barua."

Tulioana Mfungo Mosi, mara baada ya Ramadhani. Mama aliimba mpaka sauti ikamkauka.

Mwaka jana, Jumapili moja asubuhi, tulikuwa uani kwa Mama. Yeye yuko kwenye mbuzi anakuna nazi, mke wangu anamenya vitunguu. Simu ikaita, Hope.

"Wote?" Munira aliuliza. "Hope, hesabu tena. Wote kabisa?"

Akakata simu, akakaa chini sakafuni.

"Mama, panya wetu wamesalimika. Tumewachanja kwa tulichojifunza, wakawekewa kirusi, hakuna aliyeugua hata mmoja. Kufika kwa binadamu bado miaka, lakini mlango umefunguka. Yote kwa mtu mmoja tu, namba arobaini na saba."

Mama akaacha kukuna. Akanitazama. Nikatazama chini.

Aliinuka akaingia ndani, nikasikia mfuniko wa kopo. Alipotoka akainama kwenye jiko la mkaa, akachomeka kitu kidogo cha njano chini ya sufuria, kikashika moto. Munira hakuona, alikuwa analia, na si kwa vitunguu.

"Sitakiwi kumjua," alisema. "Lakini natamani walau ningembusu mkono."

Mama akakung'uta machicha vidoleni, akaunyoosha mkono wake.

"Nibusu mie, kwa niaba yake."

Munira akacheka katikati ya machozi, akapiga goti, akaubusu. Mama akamshika kichwa kidogo, kisha akarudi kwenye mbuzi yake akaendelea kukuna nazi.